Maksi zangu ndo zilikuwa zinawafundisha kupika data

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliwapa wanafunzi praktiko ya penduli, ile ya kawaida kabisa, uzi, kijiwe, stopwochi, unaachia kinaning'inia, unapima muda wa kwenda na kurudi mara ishirini halafu unatafuta g, yaani kasi ya kitu kinachoanguka inaongezeka kiasi gani kila sekunde. Kila mtu anajua jibu linatakiwa liangukie 9.8 hivi. Nikakusanya ripoti, usiku nikakaa kusahihisha, nikakuta makundi tisa kati ya kumi na moja yana 9.81. Sio 9.7, sio 9.9, ni 9.81 imesimama wima kama imepigwa rula. Na siku ile stopwochi mbili zilikuwa hazina betri, kuna makundi mpaka kengele inalia sikuwaona wakipima kitu!

Kundi moja lilikuwa na 10.9. Karatasi yao imefutwafutwa mpaka imekaribia kutoboka, yaani unaona kabisa walijaribu kutafuta walipokosea wakashindwa, wakaiacha namba yao kama ilivyo. Na mimi nikafanya nini? Nikawapa nne kwa kumi, nikaandika kwa kalamu nyekundu "rudieni". Wale wa 9.81 wakaondoka na tisa na kumi zao.

Kesho yake binti mmoja wa lile kundi akanifuata mezani, akasubiri wenzake watoke, akasema "Mwalimu, sisi tulipima kweli." Hakusema wenzetu hawakupima, hakumchongea mtu. Nikamwambia haya, hebu nionyeshe mlivyofanya. Akashika kijiwe, akakivuta pembeni kidogo, akakiachia na papo hapo akasema "moja". Mbili, tatu, mpaka ishirini, akabonyeza stopwochi. Umeona? Alihesabu moja wakati wa kuachia, kabla kijiwe hakijaenda popote, kwa hiyo anafika ishirini kimeenda na kurudi mara kumi na tisa tu. Stopwochi ilisoma sekunde 38.1. Wao waligawa kwa 20, wakapata 1.905, na kwa uzi wa mita moja hiyo inakupa 10.9. Gawa kwa 19 unapata 2.005, na g inakuja 9.82. Kosa ni kuanzia moja badala ya sifuri, basi, hakuna lingine. Kundi pekee nililokuwa na hakika limefanya sayansi siku ile ndo hilo nililolifelisha.

Sikulala vizuri siku hiyo, sitaki kudanganya.

Maana hakuna mtu aliyewaambia wale watoto wapike data. Mimi ndo niliwaambia, kwa maksi. Mwanafunzi anaangalia kinacholipwa, na mimi nilikuwa nalipa jibu linalofanana na la kitabuni. Tangu hapo kipindi cha kwanza cha mwaka sifundishi mada yoyote, tunakaa dakika zote kuongea kanuni za darasa na jinsi ninavyotoa maksi, na nimegundua hivyo vitu viwili ni kitu kimoja, ukikosea kimoja kinaharibu kingine.

Kanuni kwanza. Zamani nilikuwa na bango la kanuni ishirini na mbili ukutani maabara, limeandikwa vizuri na rangi, hakuna aliyewahi kulisoma, hata mimi nilikuwa nasahau ya kumi na tisa inasema nini. Usikimbie, usile, usinywe, usipige kelele, usiguse, usi usi usi. Na mojawapo ilisema atakayevunja chombo atalipa. Nikaona ni kanuni nzuri, inafundisha uangalifu. Mpaka siku mtu alivunja bika (kile chombo cha kioo cha maabara), akaogopa kulipa, akazifunga zile vipande kwenye karatasi za daftari akazisukumia chini kabisa ya pipa la taka, na mama anayetufanyia usafi akaingiza mkono jioni kukandamiza taka zishuke. Alishonwa vidoleni. Aliyevunja hatukumjua mpaka leo na kwa kweli sikumtafuta sana, kwa sababu nilijua kanuni iliyoficha ile bika niliiandika mimi.

Kwa hiyo sasa maabara kwangu kuvunja sio kosa, kuficha ndo kosa. Ukivunja unapaza sauti "kioo!", wote wanasimama walipo, mimi nafagia, na vipande vinaingia kwenye ndoo yake peke yake sio kwenye taka za kawaida. Mwaka wa kwanza wa hii kanuni niliona kama vyombo vinavunjika zaidi, halafu nikashtuka kwamba havivunjiki zaidi, ila sasa nasikia.

Zilizobaki ni chache na kila moja ina sababu yake, na sababu lazima waione kwa macho ikiwezekana. Miwani ya usalama inavaliwa na kila mtu kuanzia anayepima mpaka anayeandika, na mimi navaa ya kwanza, maana ticha akiiweka juu ya kichwa kama anaenda pikiniki basi darasa zima litafanya hivyohivyo. Nywele ndefu zinafungwa. Asidi inamiminwa kwenye maji, taratibu, huku unakoroga, na kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi kali, kwa sababu asidi ya salfuriki ikikutana na maji inatoa joto jingi sana na yale maji kidogo uliyoongeza yanachemka hapohapo juu na kurusha asidi usoni. Spiriti haipashwi kwenye moto wa wazi, ethanoli iliyomo inachemka kwenye nyuzi 78 hivi na mvuke wake unawaka, unaweka testi tyubu ndani ya bika ya maji ya moto na moto wenyewe umezimwa. Bansen bana, lile jiko dogo la gesi la maabara, usiyoitumia kwa dakika hiyo unaziba tundu la hewa ili mwali uwe wa njano, maana ule wa bluu kwenye mwanga wa mchana karibu hauonekani na mtu anapitisha mkono juu yake hajui.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya kioo cha moto. Naweka tripodi (vile vigoda vya chuma vya miguu mitatu) mbili mezani, juu ya kila moja kipande cha kioo, kimoja kimetoka kwenye moto muda si mrefu na kingine hakijaguswa. Nawauliza kipi cha moto? Wanaangalia, wanainama, wanabishana, wengine wanapiga kura. Havina tofauti yoyote. Halafu nadondoshea tone la maji kila kimoja, kile cha moto kinapiga shiii na mara nyingine kinapasuka (miwani!). Baada ya hapo sihitaji kusema tena usishike kioo kabla hujasogeza mgongo wa mkono karibu usikie joto. Na ukiungua, mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika ishirini, sio dakika mbili, na unaniambia hata kama ulikuwa unafanya ujinga.

Kuonja siruhusu kabisa. Wanacheka nikisema maana nani ataonja kemikali, ila Carl Wilhelm Scheele, mmoja wa waliogundua oksijeni, alikuwa na tabia ya kunusa na kuonja alichotengeneza, na alifariki 1786 akiwa na miaka 43, watu wengi wanaamini hizo sumu zilichangia. Wakisikia miaka 43 wanatulia kidogo.

Simu ipo mfukoni mpaka niseme tunapiga picha. Hiyo sina la kuongeza.

Sasa maksi, hapa ndo penye kazi. Ripoti ya maabara kwangu ina maksi kumi na jibu linalokaribia la kitabuni linabeba moja tu. Data ghafi zilizoandikwa palepale kwa kalamu ya wino zinabeba tatu, na ghafi namaanisha ghafi, ukikosea unakata mstari mmoja juu yake tunabaki tunaona ulichoandika mwanzo, hakuna kuhamishia karatasi safi nyumbani. Mbili ni za hesabu na yuniti. Mbili ni grafu au jedwali. Na mbili za mwisho ni za swali moja: namba yako iko mbali kiasi gani na unadhani kwa nini? Hapo sitaki "makosa ya kibinadamu". Hilo neno nimelipiga marufuku, linafunika kila kitu. Niambie ulihesabu kuanzia moja, niambie upepo wa feni ulisukuma kijiwe, niambie ulisoma bureti, ule mrija mrefu wa kupimia ujazo, umesimama wakati jicho linatakiwa liwe usawa na kibonde cha maji. Kwa mpango huu lile kundi la 10.9 wangelieleza kosa lao wangepata tisa, na 9.81 isiyo na data ghafi ingeambulia nne, tano ikibahatika.

Yuniti wanazilalamikia kila mwaka. Mtu ana gramu 54 na sentimita za ujazo 20, anagawa, anaandika 2.7 anaacha hivyohivyo, nakata maksi, anakuja "ticha lakini jibu si liko sawa?" Namuuliza 2.7 nini, mahindi? Halafu nawapa habari ya chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter. Kilisafiri zaidi ya miezi tisa kwenda Mars, Septemba 1999 kinafika, kinapotea. Timu moja programu yao ilikuwa inatoa namba kwa yuniti za kiingereza za paundi, timu nyingine inazisoma kama ni za nyutoni, kipimo cha nguvu cha kimetriki, hakuna aliyekosea kugawa wala kuzidisha, namba zilikuwa nzuri tu ila hazikuwa na jina. Chombo kikapita chini mno kwenye anga la sayari kikaharibika. Baada ya hapo malalamiko yanapungua kwa kama wiki mbili hivi.

Kwenye hesabu natoa maksi za njia. Fomula maksi moja, kuingiza namba moja, jibu moja, yuniti moja. Na ukikosea kipengele cha a halafu ukatumia jibu lako baya vizuri kwenye b na c, sikukati tena, kosa moja nalihukumu mara moja tu. Kuna watoto walikuwa wanaacha b na c wazi kwa sababu waliona a imewaharibikia, sasa wanaendelea.

Linalonigombanisha na walimu wenzangu ni sifuri. Mtu ana 80, 80, 80, 80, ripoti ya tano hakuleta, ukimwekea sifuri wastani wake unashuka mpaka 64. Hata akipata mia mara tatu mfululizo baada ya hapo anafikia 77.5. Sasa hiyo 64 inaniambia nini kuhusu kemia anayoijua? Hainiambii chochote, inaniambia tu alichelewa kitu kimoja. Kwangu ripoti isiyofika naandika "haijafika" na mwenyewe anakaa na mimi baada ya vipindi mpaka ifike, na niamini, kukaa na mimi saa kumi wenzake wako uwanjani kunauma kuliko sifuri, maana sifuri hata haiumi, mtu anaipokea anaenda zake. Sifuri inaingia muhula ukifungwa tu. Mwenzangu mmoja anasema nawadekeza. Labda. Ila yeye ndo ana sifuri nyingi kwenye daftari lake kuliko ripoti.

Kunakili je? Ripoti mbili zikifanana maneno nawaita wote wawili na simuulizi nani kamnakili nani, kila mmoja nampa swali moja juu ya hiyo kazi kwa mdomo. Dakika tatu unajua.

Siku hiyo ya kwanza pia nawapa ripoti mbili nilizotunga mwenyewe, moja nadhifu yenye jibu zuri na data zilizopikwa, nyingine chafu ya mtu mkweli, wazisahihishe kwa ile skimu ya maksi kumi. Wanabishana vibaya mno! Mwaka huu wakati wanabishana, kijana mmoja wa nyuma kabisa, mkimya, akanyoosha mkono. "Ticha, sisi tukichelewa unatukalisha mpaka saa kumi. Na wewe ukichelewa kusahihisha?"

Darasa likalipuka. Nikakosa jibu. Tukapatana: wiki mbili, zikipita sijarudisha nasahihisha nikiwa nimekaa palepale maabara baada ya vipindi, saa kumi, wao wakiniangalia. Nikaiandika ubaoni na wakapiga picha, hapo simu ziliruhusiwa.

Basi niishie hapa, nina ripoti 46 mezani na leo ni siku ya kumi na tatu.