Siku niliyolipwa kwa kupunguza gesi

Saa moja asubuhi nafungua banda, Tabata. Februari ya Dar hata usiku shuka linakunata mwilini, na kwa sisi mafundi AC huo ndio msimu wa mavuno. Dogo ameshafagia, chai iko kwenye chupa. Hatujamaliza kitumbua cha kwanza, Hilux inaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, AC imechoka. Niongezee gesi tu, nina safari."

Mzee analima mpunga Ifakara. Gari ni dizeli ya 2012, tope limekaukia mpaka kwenye sho, ile wavu ya mbele ya gari. Namuuliza AC inachoka wakati gani, anaona namchelewesha. Barabarani inapiga baridi safi, anasema, ila ikikuta foleni inageuka feni ya kawaida. Wiki iliyopita kuna mtu kaiongezea gesi, ndiyo ikazidi kuharibika.

Hapo masikio yakanisimama.

Saa mbili nafunga geji za kupimia presha ya gesi kabla ya kuwasha gari. Mishale yote miwili inasimama karibu na 100. "Gesi ipo ya kutosha," anasema dogo. Hili nimemwimbia hadi nimechoka: gari likiwa limezimwa, geji inakusomea joto la siku. Kwenye nyuzi 32, R134a, gesi ya AC hii, itaonyesha presha ya psi 100 na kidogo hata kama ndani zimebaki gramu 200, mradi kuna tone ambalo bado ni majimaji. Kiasi huwezi kukijua hapo.

Tunawasha, gari likiwa kwenye sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa joto kama hili nategemea upande wa presha ya chini usome 40 hivi, wa presha ya juu 220 au 250. Hii inasoma 60 na 340, na kompresa, pampu inayosukuma gesi, inaunguruma kama mtu aliyebebeshwa gunia asiloliweza. Kipimajoto nilichochomeka kwenye tundu la katikati la dashibodi kinasema nyuzi 19.

Namwambia dogo alete ndoo ya maji. Mzee anashtuka: "Unaniosheaje gari sasa?" Tunamwagia kondensa taratibu kupitia kwenye sho, macho yangu kwenye geji. Mshale wa juu unateremka, 300, 260, 215. Kwenye dashibodi 19 imekuwa 13. Maji yanakauka, mshale unapanda tena. Namwita mzee aone mwenyewe, kwa sababu nikimweleza kwa mdomo ataona nataka hela. Kazi ya kondensa ni kulitupa nje joto lililotoka ndani ya gari. Hapa halitoki, kwa kuwa upepo haupiti. Akikimbia, upepo wa barabara unasaidia. Akisimama, msaada umekwisha.

Saa tatu na nusu tumefungua mbele. Kati ya kondensa na rejeta kuna zulia: vumbi, mbegu za nyasi, makapi ya mpunga, vyote vimeshikana kwa tope. Dogo anakimbilia mashine ya kuoshea magari, namzuia. Vile vibati vya kondensa ni laini kama karatasi ya sigara, ukivipiga kwa presha vinalala na umeziba ulichotaka kuzibua. Tunaosha kwa mpira wa kawaida, kutoka ndani kwenda nje. Kazi ya saa nzima.

Na bado. Injini ikiwa ya moto, imezimwa, nazungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikaze kidogo. Hii inazunguka bure kama pia ya watoto, na klachi yake, kile kinachoifanya injini iizungushe feni, ina mafuta yaliyovuja katikati. Dogo anapanda bodaboda kwenda Kariakoo kutafuta nyingine, anarudi saa saba na jasho la nauli na la kubishana bei.

Mchana wali maharage, sina la kusimulia.

Saa nane naivuta gesi yote kwenye mtungi ulio juu ya mizani. Wenzangu wengi wanaiachia hewani, fyuu, imeisha. Dunia ilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hii, nami angalau banda langu nalimudu. Mizani inasoma: imezidi karibu gramu 200 ya zile zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Kumbe kondensa ilikuwa imekabwa, halafu ikalishwa kwa nguvu.

Pampu ya vakyumu nusu saa, ili unyevu uchemke utoke. Nafunga koki, nasubiri dakika 20, mshale haujatikisika, hakuna panapovuja. Nampimia gesi yake kwa gramu, kama dhahabu.

Saa kumi na moja kasoro: sailensa, jua bado kali, 42 na 235. Dashibodi nyuzi 9. Mzee ameketi ndani, amefunga vioo, hataki kushuka.

Tatizo likaja kwenye malipo. Klachi kaielewa, kuosha kakubali kwa shingo upande.

"Sasa fundi, ile gesi uliyoitoa si niliinunua mimi?"

"Uliinunua, mzee."

"Iko wapi?"

Namwonyesha mtungi, na kwamba humo imechanganyika na ya magari mengine. Anautazama kwa muda mrefu.

"Basi nipunguzie elfu tano."

Nikampunguzia.