Sukari niliacha, jagi nikalisahau

Weusi ulianzia nyuma ya shingo. Nikadhani ni jasho na joto la Tanga, nikawa napasugua kwa dodoki kila nikioga mpaka panawaka moto. Mimi ni fundi cherehani, futi inashinda shingoni, basi lawama nyingine nikaitupia futi. Siku moja mteja wangu, muuguzi, alikuja kujaribu gauni, akainua kola yangu bila hata hodi. "Dada fundi, huu si uchafu. Kesho kapime sukari, na usinywe chai kabla."

Nikakutwa na 6.4 (mmol kwa lita) kabla ya kula. Kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikasoma asilimia 6.1, wakati kisukari chenyewe kinaanzia 6.5. Niko mlangoni, daktari akasema, mwili umekuwa sugu kwa insulini. Insulini kazi yake ni kuziita seli zipokee sukari. Ukiziita kutwa kucha zinaacha kuitika, kama mtoto aliyechoka kusikia jina lake. Kongosho nalo, ambalo ndilo linalotengeneza insulini, linazidi kupaza sauti mpaka siku lichoke. Dawa hakunipa. Alinipa miezi mitatu.

Sukari ya chai niliacha siku hiyohiyo, na nilikuwa mtu wa vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Maandazi, kwaheri. Soda wala haikuniuma. Nikajiona nimeshamaliza, nikanunua na mashine ya kujitoboa kidole ili nijisifu vizuri.

Nikaumbuka. Saa mbili baada ya chakula cha mchana ikasoma 10.8, na niliambiwa isifike 7.8.

Nilikuwa nimekula nini? Samaki, mchicha, wali kidogo. Na juisi. Machungwa ya Muheza, nimekamua mwenyewe, sukari sijatia hata chembe. Nikaenda kuhesabu maganda kwenye beseni: glasi zangu mbili zilikuwa zimemaliza machungwa tisa. Nani angekaa akatafuna machungwa tisa baada ya wali? Ukikamua, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na sukari inateremka yote kwa mkupuo. Kesho yake nikarudia chakula kilekile, safari hii na chungwa moja la kutafuna. 7.9. Jagi likapanda juu ya kabati.

Baada ya hapo nikawa sikiamini chochote mpaka kidole kiseme. Uji mwepesi wa sembe, ambao kwetu hata mgonjwa anapewa, ulinipandisha kuliko chapati. Asali, ambayo kila mtu aliniapia kuwa ni dawa, ni sukari tu iliyopitia kwa nyuki. Ugali nikahamia dona, kipande cha ngumi yangu, maana dona nalo ukilila mlima litakupandisha mlima. Maharage hayakuwahi kunisaliti. Nikishakula sirudi kwenye cherehani, natembea dakika kumi na tano kwanza. (Shemeji yangu anachoma insulini, akataka kuniiga. Nikamwambia aende kwanza kwa daktari wake. Yeye akipunguza chakula kienyeji sukari inaweza kumshuka akaanguka.)

Mtihani ulikuja Ramadhani. Mama mkwe akifuturisha, amefuturisha: muhogo wa nazi, viazi vitamu, ndizi mbivu za nazi, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga. Siku ya kwanza nilichukua kidogo kidogo cha kila kitu kwa heshima, usiku mashine ikasoma 11.6. Siku ya pili nikabadilisha mpangilio: tende moja na maji, nikaswali, nikarudi nikaanza na samaki na kachumbari, muhogo vipande viwili mwishoni. Tambi na kaimati sikugusa. Mama akanitazama. "Mwanangu, umefunga kutwa halafu unakula kama ndege?"

"Mama, nikila kama zamani hiyo mashine inanisema."

Akaitaka. Akatoboa chake. Hakusema kilisoma ngapi, na mimi sikuchungulia.

Kile kipimo cha miezi mitatu, mara ya mwisho kilisoma asilimia 5.6. Weusi wa shingo umepungua, haujaisha. Kumi la mwisho nilipokwenda kufuturu nilikuta sufuria mbili za uji jikoni, moja ina sukari, nyingine haina. Ile isiyo na sukari nilidhani ni yangu, mpaka nilipomwona mama anajimiminia.