Mwenye Mbwa Hupiga Simu Kila Jioni

Wapendwa wa shirika, amani ya Bwana iwe nanyi.

Leo ni siku ya kumi na moja nina mgeni katika parseli yangu, yaani kiwanja cha nyumba yangu. Anaitwa Bobi, mbwa wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja lililolala. Mwenye mbwa ni jirani yangu, mama ambaye umri wake unatosha kunizaa. Binti yake amejifungua huko Bukavu, naye akapanda boti kwenda kumwangalia mzazi na kumpokea mjukuu. Bobi akabaki kwangu. Sikuwahi kufuga mbwa. Kwetu nilipokulia mbwa alikuwa wa kufukuzwa kwa jiwe. Lakini mama huyu aliwalisha watoto wangu miezi ile niliyokuwa sina kazi, na singeweza kumwambia hapana.

Alinikabidhi mbwa pamoja na karatasi iliyoandikwa mbele na nyuma. Saa ya kumfungua na saa ya kumfunga. Bugali (ugali) uchanganywe na vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nyama mara mbili kwa juma, mifupa ya kuku asipewe kamwe maana huvunjika vipande vikali vikamchoma tumboni. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa imo kwenye bahasha, pamoja na dola 20 za chakula. Na kila jioni, saa moja kamili, simu yangu inalia: "Mwanangu, Bobi hajambo? Amekula? Jana alilala wapi?"

Siku za kwanza nilifurahi, sitaficha. Asubuhi na jioni tuliteremka pamoja hadi Ziwa Kivu. Miaka yote niliyokaa hapa Keshero, mtaa wetu wa Goma, sikuwahi kuliangalia ziwa hili vizuri, kwa sababu mtu anayekwenda kuchota maji macho yake yako kwenye bidoni, dumu lake la maji. Mbwa akanilazimisha kusimama. Nikawaona wavuvi wakiondoka jua likizama na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, taa zimeandaliwa kwa ajili ya sambaza wa usiku, makasia yanakwenda kwa wimbo mmoja. Nikauhisi upepo wenye joto wa jioni. Tukipanda kurudi nyumbani, mbingu juu ya volkano ya Nyiragongo huwa nyekundu, nami nikasema Zaburi kwa sauti bila kuona haya. Hata siku Bobi alipomnyakulia mama mmoja sambaza alizozianika, nikalipa, tukaagana vizuri na yule mama. Siku ya tatu jiwe la volkano lilimkata unyayo. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamwosha, nikamtafutia dawa, nikamfunga kitambaa safi. Nilijisemea moyoni lile neno la Methali, kwamba mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Nilijiona mwenye haki.

Aliyekuwa amenishikia taa wakati namwosha mbwa ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka kumi. Alikuwa amesimama miguu mitupu juu ya mawe yale yale.

Jumatano asubuhi nilikuwa na uchovu. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu, bado giza giza, hakuna hata upepo. Nikamwamsha mtoto, nikampa kamba, nikamwambia amtembeze Bobi kidogo, asichelewe, bado kuna maji ya kuchota kabla ya shule. Sikumwambia apite njia gani.

Ninyi wa Goma mnajua ninachotaka kusema. Kwa ndugu wanaotusoma kutoka Bukavu na Lubumbashi nieleze: upande huu wetu, kuelekea Bulengo na Lac Vert, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo ardhi inatoa hewa ya ukaa kutoka chini kwenye volkano. Tunaiita mazuku. Haina rangi, na pua haiwezi kukuonya. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inalala shimoni kama maji katika beseni. Usiku usio na upepo inazidi, mpaka jua na upepo vije kuitawanya. Mtu mzima anaweza kupita kando, mazuku yanamfika magotini, naye hajui kitu, kichwa chake kiko juu. Mbuzi akiinama kula majani pale, haamki. Mbwa ni hivyo hivyo. Na mtoto akiinama kuokota kitu, ni hivyo hivyo.

Bobi aliona kitu shimoni, akavuta. Mtoto hakuiachia kamba, kwa sababu nilikuwa nimemwambia mara nyingi: "Ukimpoteza huyu mbwa, utanieleza." Akateremka naye hatua mbili tatu, akaanza kuinama amvute kwa shingo. Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma chukudu chake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, chenye magunia ya makaa aliwaona, akatupa mzigo, akapiga kelele, "Mazuku! Inuka, inuka!" Akamshika mtoto kwa nguo, akamtoa, kisha akavuta kamba mpaka mbwa akatoka anapepesuka kama mlevi. Mungu ambariki kijana yule popote alipo. Hata jina lake sikulishika.

Nilisikia kelele, nikakimbia. Nilimkuta mtoto amekaa chini kando ya barabara, anatetemeka, kamba bado imezungushwa mkononi. Wapendwa, nitawaandikia neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike tafakari hii na kuiacha ile niliyokuwa nimeiandaa juu ya subira. Nilisema: "Bobi yuko wapi?"

Mtoto akaniangalia. Akanionyesha kwa kidole. Hakulia.

Mchana kutwa nilijiuliza jioni nitamwambia nini mwenye mbwa. Bobi alikuwa ameshapata nafuu, anatikisa mkia. Ningeweza kusema "hajambo," na lisingekuwa uongo. Nikafungua Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kwa sababu nilikumbuka kuna sheria ya mtu anayewekewa mnyama na mwenziwe amtunzie. Ipo, mstari wa 10 na kuendelea. Mnyama akifa au akiumia bila mtu kuona, kiapo cha Bwana kitakuwa kati ya hao wawili. Akiibwa, mtunzaji atalipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, mabaki yaletwe yawe ushahidi. Nikaona hapo hakuna nafasi ya kunyamaza. Basi simu ilipolia nikamweleza mama yote, tangu uchovu wangu wa asubuhi hadi shimo.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza: "Na mtoto? Mtoto naye alivuta ile hewa? Mpe simu nimsikie."

Mwenye mbwa, aliye Bukavu, alimwulizia mtoto kwanza. Mimi niliyesimama mbele ya mtoto nilimwulizia mbwa.

Usiku huo sikulala. Nilirudi katika sura ile ile ya Kutoka, nikateremka mistari michache tu, hadi wa 22. Nimeisoma sura hiyo tangu katekesi wala sikuwahi kuona kwamba mambo haya mawili yamewekwa karibu namna hii. Usimtese mjane wala yatima, Bwana anasema. Ukiwatesa, nao wakinilia, hakika nitasikia kilio chao. Nikajitetea. Nikasema: Bwana, mimi sijamtesa. Sijawahi kumpiga. Anakula, analala, ana jina katika nyumba yangu.

Ndipo nikaanza kuhesabu. Mbwa alikula nyama mara mbili juma lile kama karatasi ilivyosema. Mtoto hakuonja, kwa sababu dola zilikuwa za mbwa, na sahani yake yeye hupakuliwa baada ya watoto wangu. Mbwa alikatwa unyayo mara moja nikachemsha maji. Sijui miguu ya mtoto imekatwa mara ngapi. Anabeba bidoni ya lita 20 mgongoni kutoka ziwani kabla ya shule, anafika darasani amechelewa, na mwaka huu anarudia darasa la tatu, nami nilikuwa nawaambia watu kwamba ni mzito wa kichwa.

Dada yangu hakuniandikia karatasi. Alhamisi ile ya 27 Mei 2021, tulipoambiwa tuuhame mji baada ya volkano, alimbeba mtoto huyu mgongoni kwa miguu hadi Sake, zaidi ya kilomita 20, na akikataa nimpokee hata kidogo. Mwaka uliofuata, akiwa kitandani amekwisha, alinishika mkono akasema neno moja: "Umwangalie." Hakusema saa ya kula wala saa ya kulala. Aliamini kwamba ninajua. Na tangu siku hiyo hakuna aliyepiga simu saa moja jioni kuniuliza.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme waziwazi, maana kama ningekuwa nasema juu yangu peke yangu ningeenda kwa padri nikanyamaza. Katika mji wetu ni nyumba gani isiyo na mtoto wa mtu? Vita vimetuletea watoto, volkano ya 2002 na ile ya 2021 zimetuletea watoto, magonjwa yametuletea watoto. Tumewapokea, na hilo ni jema, Mungu analiona. Lakini tunawapokeaje? Jumapili tunavaa vitambaa vya parokia, tunapeleka matoleo, na mtoto wa ndugu yetu amebaki nyumbani kulinda sufuria. Mgeni akija tunasema "huyu ni wa marehemu kaka yangu, ninamsaidia." Anasikia. Mtoto anayesikia kila siku kwamba anasaidiwa anajifunza kutoomba kitu. Anajifunza hata kutolia, kama wangu ambaye hakulia pale barabarani. Nami nilikuwa nikimsifu kwa majirani: huyu mtoto hana matata.

Nimefikiri sana juu ya yale mazuku. Hewa inayowamaliza wadogo inalala chini, na sisi wakubwa tunatembea katikati yake, vichwa juu, tunapumua vizuri, tunasema nyumba yangu ina amani. Nawasihi, inameni. Ingieni usiku huu mahali mtoto huyo anapolala, mkague mkeka na blanketi. Muulize jina la mwalimu wake. Kama hulijui, uliza leo. Tangu mwaka 2019 serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo tumekosa ule udhuru wa karo. Umebaki udhuru wa maji na kuni, na huo ni sisi wenyewe tunaoutengeneza. Kama wako wanne nyumbani, bidoni zigawanywe kwa wote wanne. Nyama ikipatikana, apakuliwe pamoja na wengine, kipande sawa, akiwa anaona. Na kama umemkosea, mwombe msamaha kwa mdomo wako. Usimnunulie kitu ukadhani umeshaomba.

Kuna mama mmoja katika Injili aliyeambiwa kwamba si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa, naye akajibu kwa imani mpaka Bwana akamsifu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya jibu lake. Juma hili ile sentensi ya kwanza ndiyo iliyonishika koo.

Msinielewe vibaya nanyi mkaanza kuwapiga mbwa mawe. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika Rafaeli, mbwa anawafuata, na wakati wa kurudi bado yupo nyuma yao. Hakufukuzwa. Bobi amelala hapa mlangoni ninapoandika, na kidonda chake kimefunga.

Alhamisi usiku nilimwita mtoto, nikakaa naye jikoni. Nilimwambia: "Jana nilikosea. Nilipaswa kukuulizia wewe kwanza. Nisamehe." Alinyamaza muda mrefu, akichezea mwiko. Kisha akauliza: "Mama mdogo, ningekufa mule, ungemwambia nani?" Sikuwa na jibu. Nilimkumbatia tu, akakaa mgumu mikononi mwangu kama ubao, na baadaye akalia, akalia sana, nikamwacha alie.

Ijumaa tulikwenda soko la Virunga, akachagua viatu yeye mwenyewe. Alichagua vya bluu, vikubwa kidogo, akasema vitamfaa hadi mwakani. Nikamwambia achukue vinavyomkaa sasa.

Tuombe. Bwana, Baba wa yatima, utusamehe sisi tuliowekewa watoto wako tukawahesabu kama mikono ya kazi. Uwape nguvu wale wanaoanza upya usiku huu. Uwakumbuke dada zetu na kaka zetu waliotuachia neno moja tu. Amina.

Jirani yangu anarudi Jumatatu na boti la asubuhi. Tutateremka bandarini sisi watatu, kwa barabara kubwa. Kamba nitaishika mimi.