Tundu la Ubavuni

Jana mwanangu kaja na kebo ya simu mkono mmoja, redio ya babu yake mkono wa pili. "Baba, mbona chaji haiingii?" Alikuwa anasukuma ncha ya kebo kwenye lile tundu la ubavuni, lenye kingo zilizoyeyuka na kukunjamana. Nikamwambia aache, ataiharibu. Nikajisikia vibaya kusema hivyo, mimi wa kusema hivyo.

Tundu lile nililitoboa mimi, kwa msumari uliopashwa moto kwenye mshumaa. Nilikuwa na miaka 14 na nilikuwa nimeshafungua kila kilichofungika kwa bisibisi. Redio ilikula betri nne kubwa, na zikianza kuchoka sauti ya mtangazaji ilizama mpaka tuisogezee sikio. Mimi nilikuwa na adapta ya kifaa kilichokufa, imeandikwa volti 9. Betri nne za 1.5 ni volti 6. Hesabu hiyo niliijua vizuri. Nikajiambia tatu za ziada si kitu, redio itashukuru tu.

Kazi yenyewe ilikwenda haraka. Tundu, soketi niliyoinyofoa kwenye kifaa kilekile, nyaya mbili mpaka kwenye vibati vya betri. Chanya na hasi nilizikagua mara tatu, maana nilishasikia ukizigeuza unaua kila kitu. Nadhani hapo ndipo kichwa kilipovimba: nilikuwa nimelikwepa kosa pekee nililolijua.

Nikawasha.

Sauti ilitoka nene, imejaa, hata spika ikatetemesha kifuniko. Sijawahi kuisikia redio ile ikizungumza hivyo, kabla wala baadaye. Niliketi sakafuni nikiiangalia tu, naona akilini mzee anaingia, anasimama mlangoni, anauliza ni nani kaitengeneza. Nikaongeza sauti. Kisha ukaja mngurumo chini ya maneno ya mtangazaji, mdogo, kama mtu anayeguna chumba cha pili. Nikasema moyoni ni stesheni. Nikagusa kitufe cha kutafutia mawimbi, nikakirudisha. Mngurumo upo. Halafu "pyuu!", kama soda inayofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika, na uzi wa moshi ukatoka palepale kwenye tundu langu. Na harufu: kali, chungu, inakwama kooni. Mpaka leo nikiisikia mahali mkono wangu unakimbilia swichi.

Nilipofungua, kapasita kubwa, kile kijidude cha kuhifadhi umeme chenye umbo la kopo, ilikuwa imepasuka kichwani palipochorwa msalaba. Baadaye sana nilijifunza kwamba msalaba ule huchongwa makusudi kiwandani, ili ikizidiwa ipumue hapo badala ya kulipuka. Ndani karatasi iliyoloa ilikuwa inachungulia kama pamba sikioni. Ubavuni imeandikwa 10V, kikomo chake. Tisa iko chini ya kumi, au sivyo? Hata ningeisoma mapema ningejipa moyo zaidi. Miaka ikapita ndipo nikaipima adapta ile kwa multimita, kile kipimo cha umeme, haijachomekwa kwenye chochote: 13 na ushei. Hizi za zamani zenye transfoma nzito hutoa volti zilizoandikwa pale tu mzigo, yaani umeme unaovutwa na kifaa, unapokuwa mkubwa. Mzigo ukiwa mdogo zinapanda zinavyotaka.

Mzee aliporudi nilikuwa nimeshafunga skrubu zote. Chumba kinanuka. Akaweka betri, akawasha, akazima, akawasha. Akaigeuza ubavu. Dole gumba lake likatua juu ya tundu likatulia hapo.

"Imechoka," akasema, akairudisha juu ya kabati.

Basi. Miezi kadhaa baadaye nilichomoa kapasita ya volti 16 kwenye kifaa kingine kibovu, nikailehemu, ule mstari wenye alama ya kutoa ukiwa upande wa hasi, redio ikafufuka. Sauti ikawa ya puani kidogo. Mzee hakuuliza imeponaje, kama ambavyo hakuwahi kuuliza iliuguaje. Ila nilipoishika tena nilikuta tundu limezibwa kwa nta ya mshumaa, limesawazishwa kwa kidole, michirizi ya ngozi ya dole gumba inaonekana kabisa.

Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Pengine alikuwa anazuia sisimizi tu. Pengine alinisamehe, pengine alikuwa ananiambia najua. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza, sikumuuliza, na nta yenyewe imeshadondoka, hata sijui lini.

"Kwa hiyo hapa ni pa kuchaji au si pa kuchaji?" mtoto bado kasimama na kebo yake.

"Palikuwa pa kutia umeme," nikamwambia. "Kwa kama dakika mbili hivi."

Akachungulia ndani kwa jicho moja, muda mrefu. Kisha akaomba bisibisi. Nikamwambia kwanza atoe betri.