Vizuri

Mtoto wa kaka kaleta fomu juzi jioni, nikiwa naparua sato. "Shangazi, naomba saini hapa, pa mlezi." Mafunzo ya uanagenzi, miezi 6, serikali inalipa. Kapangiwa karakana moja huko Igoma, kuchomelea. Mikono ilikuwa imejaa magamba, nikamwambia aiweke juu ya friji. Ipo hapo mpaka leo, imebanwa na kopo la chumvi.

Magamba yalikuwa kisingizio. Niliposoma neno "kuchomelea" ilinijia harufu ya jiwe la grenda, lile sahani la mashine ya kukatia chuma, likiungua, ile inayokaa kooni mpaka ulale, na sato mwenyewe nikamwacha nusu.

Nilishapita huko. Ilikuwa 2018, tulikuwa wanne kwenye karakana ya mageti na madirisha, mwanamke peke yangu. Mafundi walituita "vijana wa serikali", na wala hawakuwa wanatusifia. Miwani ilikuwa moja, ya kupokezana, imekwaruzika kiasi kwamba ukiivaa ni kama unalitafuta Jiwe la Bismarck pale ziwani Mwanza asubuhi ya ukungu. Mkerewe ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sote. Tulimwita hivyo kwa sababu kwao ni Ukerewe, na kila alipotoka kusalimia nyumbani alishuka melini na kimfuko cha dagaa wa kutugawia.

Siku hiyo mawe ya grenda ndogo yalikuwa yamekwisha. Fundi akatoa jiwe la inchi 7, la grenda kubwa. Tundu la katikati ni lile lile, milimita 22, kwa hiyo linaingia bila ubishi. Kisichokubali ni gadi, kile kifuniko cha kukukinga na jiwe, maana jiwe limezidi. Gadi ikafunguliwa. Niliifungua mimi, kwa vile spana ilikuwa mkononi mwangu, nikaitundika kwenye msumari kama mtu anayetundika kofia.

Jiwe la inchi 7 limeandikwa usoni kwamba mwisho wake ni kama mizunguko 8,500 kwa dakika. Grenda ndogo inapiga 11,000. Sikuhitaji chuo kulijua hilo, lilikuwa limechapwa pale pale kwenye lebo, ila hakuna aliyewahi kutuambia kwamba jiwe linasomwa.

Mkerewe alikata skwea paipu ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu nilisikia "ta!", mlio mdogo tu, kama bisi moja sufuriani. Kisha paa likalia. Nikatazama juu kabla ya kumtazama yeye. Kipande cha jiwe kilikuwa kimetoboa bati, na uzi wa jua ukawa umeshuka katikati ya karakana, vumbi la chuma likicheza ndani yake. Nilivutiwa nao. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ni kweli, niliutazama.

Grenda ilikuwa chini, bado inazunguka. Zile ukishasukuma swichi inajishika yenyewe. Ilikuwa inatambaa sakafuni na kibaki cha jiwe, inaruka, inapiga saruji, inageuka, mfano wa sangara aliyetupwa mtumbwini, na ilikuwa inaelekea kwenye miguu yake. Mkerewe alikuwa amesimama wima, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, uso mtulivu kabisa kama mtu anayesubiri chenji. Nikakimbilia ukutani kuchomoa waya. Haukuwa na plagi. Zilikuwa nyaya mbili tupu zimechomekwa kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Nikasimama mbele ya zile njiti. Sijui kwa muda gani. Fundi ndiye aliyenisukuma akavuta waya kwa nguvu, na ukimya ulioshuka ndio ulionifanya nisikie matone.

Mengine yalikwenda haraka. Kilemba changu kwenye mkono wake, bodaboda, hospitali kuambiwa tuanzie polisi kwa PF3, ile fomu ya majeruhi kutibiwa, kurudi. Vidole viwili vilikatika mishipa. Vipo mkononi, ila havikunji.

Ijumaa ilikuwa siku ya kusainiwa vitabu. Kila mmoja wetu alikuwa na kitabu cha mafunzo, unaandika leo nimejifunza nini, fundi anasaini. Akatuita pembeni. "Wanangu, andikeni alikuwa anachezea mashine. Mkiandika vingine watu wanakuja kufunga hapa, na nyie mtamalizia wapi mafunzo?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa hapati usingizi, na nadhani kweli alikuwa haupati.

Sikuandika alikuwa anachezea. Sikuandika gadi wala jiwe. Niliandika: "Leo nimejifunza kukata skwea paipu kwa grenda." Fundi akasaini, na pembeni, kwa kalamu ya bluu, akaongeza neno moja: Vizuri.

Kwa miaka nilijihesabia kwamba angalau sikudanganya.

Baadaye, nikiwa nimeajiriwa kwingine, tulikalishwa semina ya usalama kazini. Huko ndiko nilikosikia kwamba sheria ya fidia ya mwaka 2008 inamhesabu mwenye mkataba wa uanagenzi kuwa mfanyakazi, na kwamba ajali inatakiwa itolewe taarifa ndani ya miezi 12. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Na hata hivyo ushahidi ungekuwa nini? Vitabu vitatu, viwili vikisema alikuwa anachezea, kimoja hakisemi kitu.

Mkerewe tunasalimiana kwa simu sikukuu. Yuko kwao, anauza vocha na soda. Hajawahi kuniuliza niliandika nini. Kuna Idi moja nilitaka kumwambia, salio likaisha, na sikuongeza.

Jana nimemwambia huyu kijana anipigie picha ya grenda ya huko Igoma. Kacheka, lakini kaituma. Gadi ipo. Nikaikuza picha nione ukutani, ila mbele ya soketi kuna mtu kasimama na ovaroli lake, mgongo tu.

Fomu inatakiwa Ijumaa.