Siku moja karakanani Arusha: gitaa la umeme la debe na mpingo

Saa 1 asubuhi. Mtaa wetu wa Unga Limited bado una baridi, na kazi ya kwanza ni kuikagua gundi. Jana jioni kibao cha freti (vile vyuma vyembamba vinavyovuka shingo) kilibandikwa kwa epoksi juu ya boriti ya mninga na kubanwa kwa jiriwa saba. Usipimie ukavu kwenye kikombe ulichokorogea. Gundi ikiwa nyingi mahali pamoja hujipasha joto yenyewe na kuwahi kukauka, ilhali ile nyembamba iliyo kwenye kiungo bado ni laini. Bonyeza ukucha kwenye gundi iliyochuruzika pembeni mwa kiungo. Alama ikibaki, acha jiriwa zilivyo.

Mwili wa gitaa hili ni debe la mafuta ya kula la lita 20. Watu wote huuliza kuhusu debe, lakini kinachobeba gitaa ni boriti. Nyuzi sita za unene wa inchi 0.010 hadi 0.046, zikikazwa kwa sauti za kawaida, huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 46, karibu sawa na mfuko wa saruji, usiku na mchana. Bati la debe halifiki hata nusu milimita, nalo lingekunjamana siku ya kwanza. Ndiyo maana boriti moja ya mninga, mm 920 kwa 60 kwa 45, inapita nzima kutoka kichwani hadi mkiani. Vifunguo vya kukaza nyuzi, pikapu (sumaku na koili inayonasa mtetemo wa nyuzi) na daraja linalobeba nyuzi upande wa mkiani, vyote vimefungwa kwenye mti huo, na debe limevalishwa tu. Mninga tunaupenda kwa sababu ukishakauka vizuri hautikisiki sana na mabadiliko ya masika na kiangazi.

Saa 2. Freti. Kibao ni cha mpingo, kutoka kwenye mabaki ya wachonga vinyago. Kupata kipande kilichonyooka cha mm 465 kisicho na ufa ni kazi ngumu, kwa hiyo tunaunga viwili na kuuficha muungano chini ya freti ya 7, ambapo mfereji wa freti ungepita hata hivyo. Mpingo una mafuta: futa kwa asetoni dakika chache kabla ya kupaka gundi, la sivyo kiungo kitaachia. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, basi barakoa haivuliwi.

Urefu wa uzi unaopiga ni mm 648. Gawanya kwa 17.817 upate nafasi ya freti ya kwanza, mm 36.37, toa, kisha gawanya tena kilichobaki, hivyo hivyo hadi ya 21. Freti ya 12 lazima iangukie mm 324 kamili. Isipoangukia hapo, umekosea mahali fulani. Pima kila freti kutoka mwanzo wa kibao. Ukipima kutoka freti hadi freti, nusu milimita ya kosa inazaa nyingine.

Mifereji ina upana wa mm 0.6. Ikibana mno, vikia 21 vya freti, yaani sehemu zinazozama kwenye mifereji, hufanya kazi kama kabari 21 na shingo hupinda kinyumenyume. Zaidi ya hapo, mpingo humeguka ukijaribu kuing'oa freti. Pitisha tupa ndogo ya pembe tatu kwenye midomo ya mifereji kabla ya kugonga, na utaokoa kibao.

Saa 4. Debe. Limeoshwa kwa maji ya moto na magadi. Debe lililowahi kubeba petroli au tina ya kuyeyushia rangi halisogezwi karibu na grenda, hata likioshwa mara kumi. Tunalikata kwa urefu, libaki sinia la takriban sm 35 kwa 23.5 lenye kina cha mm 55. Ukingo unakwenda kwa fundi bati jirani: “Shikamoo mzee, tukunjie mdomo huu milimita tano ndani.” Bila mkunjo huo mkono wa mpigaji utachanika.

Daraja liko mm 80 kutoka mkiani, kwa hiyo shingo inakutana na debe karibu na freti ya 15. Chini ya daraja boriti imerandwa mm 5 zaidi kuliko sehemu ya shingo, ili daraja lisizipandishe nyuzi mno, bila kuinamisha shingo.

Dirisha la pikapu tunalikata kubwa kuliko pikapu kwa mm 15 kila upande, kisha tunalifunika kwa pleksi, plastiki ngumu. Bati ni chuma. Likikaribia sumaku hula nguvu yake, na sauti za juu zinafifia.

Saa 7 ni wali maharage.

Saa 8 umeme umekatika, na ni wakati mzuri wa kazi ya tupa. Kidaraja cha juu, kile kinachopanga nyuzi kabla ya freti ya kwanza, ni mfupa wa ng'ombe kutoka kwa muuza supu. Chagua mguu, sehemu nene, usio wa supu ya siku nzima. Mfupa uliochemshwa mno hukatika kama chaki.

Saa 9 na nusu umeme umerudi, tunachomelea nyaya. Pikapu moja ya koili mbili, potensiomita mbili (vifundo vya kurekebisha sauti) za kilo-omu 500, kapasita ya maikrofaradi 0.022, na jeki, tundu la kuchomeka waya wa amplifaya. Pikapu tunanunua. Waya wa kusukia ni wa mm 0.063, na ule wa mafundi wa kusuka mota ni mnene mno.

Hapa debe linalipa. Likiungwa na waya wa ardhi linakuwa ngao dhidi ya mvumo wa umeme wa herzi 50. Lisipoungwa, linakuwa antena. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, tumia solda ya wati 60 kwa sababu ile ya 25 joto lake lote humezwa na bati na risasi haishiki. Kisha mita: kati ya nyuzi na ganda la jeki isomeke chini ya omu 1.

Kabla ya kufunga mgongo wa plaiwudi wa mm 6, debe linajazwa mabaki ya sponji ya godoro, na mstari wa silikoni unapakwa kila mahali bati linapogusa mti. Ukiruka hatua hii, amplifaya ikipandishwa debe litapiga mayowe lenyewe, na noti ya sol itakuja na mtetemo wa kopo tupu.

Saa 11. Nyuzi. Shingo inaachwa na mpindo wa mm 0.2 kwenye freti ya 7, ukipimwa kwa uzi uliobanwa freti ya 1 na ya mwisho. Kimo freti ya 12 ni mm 1.6 upande mwembamba, 2 upande mnene. Halafu linganisha sauti ya filimbi ya freti ya 12 (uzi ukiguswa tu bila kubanwa) na noti iliyobanwa hapo hapo. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha nyuma kitandiko cha uzi, kile kipande cha daraja unapokalia. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Uzi wa sita huishia karibu mm 3 nyuma ya ule wa kwanza.

Saa 12 na robo gitaa linatundikwa likiwa limekazwa. Kesho asubuhi mpindo wa shingo unapimwa upya, kwa sababu mninga unahitaji usiku mmoja kuuzoea mzigo.