Siku moja maishani mwangu: Ijumaa katika duka la kukodisha filamu, Kibokoni, Mombasa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi huwa nimeshapanda feri ya Likoni, nimesimama karibu na ukingo, na begi lenye filamu zilizorudishwa nyumbani kwangu usiku nimelikumbatia kifuani, kwa sababu msukumano wa asubuhi hauna huruma na majalada ya plastiki. Ijumaa iliyopita kijana wa mtaani kwetu aliniona katikati ya umati akapaza sauti, "Kaka, ile picha ya Kihindi uliyonisifia nimelala nayo!" Watu waligeuka kunitazama. Nilimwuliza alilala ilipofika wapi, akasema hata treni ilikuwa haijavamiwa. Nilicheka, maana katika Sholay treni huvamiwa ndani ya nusu saa ya kwanza, na mtu anayesinzia kabla ya hapo amelazwa na magunia aliyoyabeba mchana kutwa, wala filamu haina kosa.

Maneno yake niliyaandika daftarini mara tu nilipofungua duka. Daftari hilo nalithamini kuliko rafu zote. Upande wa kushoto naandika jina la filamu na siku iliyotoka, na upande wa kulia naandika kauli ya mteja kama alivyoitoa, pamoja na hali yake: "mpishi wa hoteli, usiku wa manane, aliirudia mara mbili", "baba wa watoto wanne, aliizima mapema, hakutaja sababu", "fundi cherehani, hakuona chochote ila nguo." Mteja akiniambia tu kwamba filamu ni nzuri au ni mbaya, hajanifaa kitu, kwa kuwa kesho atakuja mwingine mwenye umri mwingine na uchovu mwingine, aniulize achukue nini, nami sitakuwa na la kumjibu.

Mahamri na mbaazi huwa nayala nje, barazani, kisha nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa kazi. Siku hiyo nilikuwa na diski kumi na mbili za kusafisha, na moja yake ilikuwa na alama ya kidole gumba iliyokolea mafuta, ambayo kwa harufu yake nadhani yalikuwa ya viazi karai. Diski hushikwa kwa ukingo na kwa tundu la katikati, na kitambaa laini cha pamba hupitishwa kwa mstari mnyoofu kutoka katikati kwenda nje. Anayefuta kwa kuzungusha anaiharibu, kwani maandishi ya diski yamepangwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaoufuata mzunguko huo hufunika sehemu ndefu ambayo deki haiwezi kuijazia, ilhali mkwaruzo unaoukata mzunguko mara nyingi hurukwa bila mtazamaji kujua. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu maoni mengi mabaya niliyoyaandika daftarini yaliletwa na uchafu. Mtu hulalamika kwamba hadithi haieleweki, kumbe deki imemrukisha kutoka harusini hadi mazishini.

Saa tatu aliingia ami mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, akaiweka Captain Phillips juu ya kaunta kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Nimekaa saa mbili nikiingoja Mombasa, na Mombasa yenyewe haikuja."

Lalamiko lake lina msingi. Meli ya Maersk Alabama, ambayo ndiyo habari yenyewe, ilikuwa ikija hapa petu na shehena iliyokuwamo chakula cha msaada ilipotekwa tarehe 8 Aprili 2009, na ilitia nanga Kilindini tarehe 11, siku moja kabla nahodha wake hajaokolewa kutoka katika mashua ya uokoaji ya meli hiyo, ambamo watekaji walikuwa wamemshikilia. Ami aliyakumbuka magari ya waandishi wa habari yaliyojazana karibu na geti la bandari. Katika filamu, mji wetu umebaki kuwa jina la mahali ambapo meli inakwenda, na sehemu kubwa ya picha za baharini zilipigwa karibu na Malta. Nilimwuliza kama saa ya kwanza alipata kunywa chai yake. Alifikiri kidogo, akakiri kwamba ilipoa kikombeni.

Mimi mwenyewe naipendekeza kwa masharti. Paul Greengrass, mwongozaji wake, anajua kumbana mtu pumzi, na Tom Hanks hana haja ya sifa zangu. Lakini baada ya wote kuingia ndani ya ile mashua ndogo, nahisi hadithi inazunguka pale pale kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kinachoniokoa ni Barkhad Abdi, anayeigiza mkuu wa watekaji, Msomali aliyekuwa dereva huko Minneapolis na ambaye hakuwa ameigiza filamu kabla ya hiyo, kisha akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Uso wake unaonyesha njaa na kiburi kwa pamoja, na ukiyakazia macho hayo huoni tena urefu wa safari. Daftarini niliandika: "Ami wa bandarini. Chai ilipoa. Ana kinyongo kwa niaba ya Mombasa."

Saa nne na nusu mama mmoja alitaka filamu ya kutazama na watoto wake watatu. Nilimpa Supa Modo, kazi ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018, ambayo huchukua dakika 74 tu na kwa hiyo humalizika kabla mdogo hajaanza kudai maziwa. Ni hadithi ya Jo, msichana wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usio na tiba, ambaye anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, hata dada yake akawashawishi wanakijiji wote wamfanye aamini kwamba naye anazo. Huwa siitoi bila onyo.

"Mie nataka watoto wacheke," alisema.

"Watacheka, mama. Ila wewe utaomba taa izimwe."

Aliichukua, akaniambia kwamba akilia atanidai shilingi zake hamsini.

Nilifunga saa sita kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na nilirudi saa nane kasorobo nikakuta barazani mwangu kikao kimeshaanza. Muuza kahawa alikuwa ameketisha dele lake kivulini, na wazee wawili, ambao kwa kawaida hawabishani ila juu ya kandanda, walikuwa wamekunjiana uso kwa sababu ya Sholay. Mmoja alikuwa akiapa kwamba mwishoni Thakur, yule bwana aliyekatwa mikono, anamwua jambazi Gabbar Singh kwa viatu vyenye misumari. Mwenzake alikuwa akiapa kwamba polisi wanafika na kumzuia, na kwamba aliiona hivyo kwa macho yake tangu enzi za sinema, wakati tikiti ikishindaniwa.

Ukweli ni kwamba wazee wote wawili walikuwa sahihi. Filamu hiyo ilitoka Agosti 1975, wiki chache baada ya serikali ya India kutangaza hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu walikataa Thakur, ambaye ni afisa wa zamani wa polisi, aonyeshwe akijichukulia sheria kwa mguu wake. Mwongozaji, Ramesh Sippy, alilazimika kupiga picha upya na kuwaleta polisi. Mwisho wa kwanza haukupotea, na miaka mingi baadaye ulianza kusambaa katika nakala za nyumbani, ndiyo maana dukani kwangu kuna Sholay mbili: moja ina dakika 198 na nyingine ina dakika 204. Ukiniuliza, mwisho wa wakaguzi ni dhaifu, kwa sababu kwa saa tatu nzima tumeandaliwa kwa ajili ya mguu ule, kisha anatokea mtu mwenye sare kutoa hotuba. Hata hivyo sikulitamka hilo barazani. Nilichofanya, na labda kilikuwa utundu, ni kumpa kila mzee nakala ya mwenzake, aende nayo nyumbani. Wote wawili walikataa kunilipa mpaka kesi iamuliwe.

Saa kumi walikuja wanafunzi wa chuo, vijana wanne wenye pesa ya filamu moja, wakitaka kitu cha Kenya "kisicho cha kuhubiri". Niliwapa Nairobi Half Life ya David Gitonga, iliyotoka mwaka 2012 na kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Nina upendeleo nayo usiofichika, kwani Mwas, kijana anayeigizwa na Joseph Wairimu, tunamkuta kijijini akiuza filamu, na ili auze huziigiza sauti na vishindo mbele ya wateja, jambo ambalo nami nililijaribu mara moja hapa Kibokoni na mteja akaniuliza kama naumwa. Mwas akishaingia Nairobi, mambo yanakuwa machungu haraka: kuna damu, kuna matusi, na kuna askari ambao ni afadhali majambazi. Mwenye watoto nyumbani simpi. Kwa wale vijana sikuwa na shaka, na nilichowaomba ni wanieleze Jumatatu ni nani kati yao aliyemwonea Mwas huruma na ni nani aliyemkasirikia.

Baadaye kidogo alifika bibi mmoja wa mtaa wa jirani ambaye huwa hajui jina la filamu anayoitaka. Anaujua wimbo tu, tena kwa maneno ya Kiswahili, kwa sababu aliusikia kwanza kwa marehemu Juma Bhalo, aliyekuwa bingwa wa kuyachukua mahadhi ya Kihindi na kuyavika mashairi ya Kimvita. Kazi yangu ni kusikiliza anavyovumisha pua na kurudi kinyumenyume hadi kwenye filamu. Tulijaribu ya kwanza, akatikisa kichwa. Ya pili ilimfanya aguse shavu lakini akasema hapana. Ya tatu ilipofika kwenye ala za nyuzi, kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa, alinyoosha mkono akaniambia, "Izime, nitaisikiliza kwangu." Sina la kuandika daftarini kuhusu filamu hiyo, hadithi yake hakuiulizia kabisa.

Kuanzia magharibi hadi saa mbili usiku ni harakati tupu, na nisingeweza kukumbuka nani alichukua nini kama si daftari.

Saa nne kasoro, nikiwa nimeshavuka na ninavua viatu mlangoni, simu ililia. Alikuwa mjukuu wa yule mzee aliyeapa kwamba polisi wanafika, na nyuma yake nilimsikia mzee mwenyewe akigombeza. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, Thakur akiwa ameshamwangusha Gabbar na kuunyanyua mguu.

"Babu anauliza," alisema mtoto, "polisi wako njiani au hawapo?"

Nilimjibu amwambie babu aiache diski ndani ya deki, asiiguse kwa vidole, na angoje stima irudi.